Jibu lenye kosa lisahihishwe, matusi ndiyo yafutwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na viongozi wa magrupu ya mafundi, hasa wa grupu la WhatsApp la mafundi wa sola ambalo mimi ni mwanachama. Nimeona niandike gazetini kwa sababu yanayosemwa mle yanaishia kwenye mapaa ya watu wasiojua hata kama grupu lipo. Mama wa Mwandiga ambaye betri yake imewekwa nyuma ya kitanda cha watoto ana haki ya kujali kanuni zetu kuliko hata sisi.

Grupu lina mafundi wa Kigoma Mjini, Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko na Uvinza, na wachache kutoka Tabora. Viongozi wametuma rasimu ya kanuni wakiomba maoni. Mengi ni mazuri: marufuku kamari, marufuku siasa, marufuku picha chafu, matangazo ya biashara yawe Jumamosi tu. Hapo sina la kuongeza. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni kifungu kinachosema mwanachama atakayetoa jibu lisilo sahihi meseji yake itafutwa na yeye ataondolewa, sawasawa na atakayetukana.

Kwa miaka mingi mji wetu uliwashwa na majenereta ya dizeli, na vijiji vingi vya mwambao havikuwa hata na hayo. Sola ilitufikia kabla ya mafunzo ya sola. Fundi wa Kalya au Buhingu alijifunza kwa kumtazama mwenzake, akanunua tesa, akaanza kazi. Akikwama leo hana wa kumuuliza jirani, na kuja mjini ni safari ya boti. Grupu ndilo darasa lake. Sasa darasa ambalo anayekosea anafukuzwa, nani atanyoosha mkono?

Nitoe mfano ambao wanachama wenzangu wataukumbuka. Kiangazi kilichopita fundi mmoja wa Kasulu aliuliza kama anaweza kufunga paneli moja ya wati 550 kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) iliyoandikwa mwisho volti 50. Paneli yenyewe nyuma ilisomeka volti 49.8 ikiwa haina mzigo. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyefunga sola tangu enzi zile zilipokuwa kitu cha hospitali za misheni na minara ya simu, akajibu kwamba inafaa, maana iko chini ya 50. Watu wakaweka dole gumba.

Ndipo binti mmoja aliyemaliza VETA karibuni akaandika: "Shikamoo mzee wangu. Naomba niongeze kitu." Akaeleza kwamba volti zinazoandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Paneli ikipoa, volti hupanda, na kwa paneli nyingi za siku hizi ni takriban asilimia 3 kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka. Asubuhi ya Juni au Julai kule Kasulu nyuzi 15 si jambo la ajabu. Jua la kwanza likiipiga paneli iliyolala kwenye baridi, 49.8 inavuka 51. Kontrola inaungua asubuhi na mapema, na mwenye nyumba anaamini ameuziwa feki. Mzee akajibu: "Marahaba binti yangu. Umesema kweli, asilifuate jibu langu."

Mazungumzo yale yapo hadi leo. Tangu siku ile nasikia mafundi wakiulizana, "Umehesabu baridi?" kabla ya kununua kontrola. Ukisoma jibu la mzee peke yake utapotea, na ukisoma maelezo ya binti peke yake utayaona kama somo la kitabuni. Ukiyasoma yote mawili unaelewa kwa nini mtu mwenye uzoefu anaweza kupitiwa, na hilo ndilo linalokaa kichwani. Kwa kanuni mpya, mzee angekuwa nje, meseji yake imefutwa, na yule binti angebaki anajibu hewa.

Na tumeshaona kinachotokea kosa linapofutwa kimya kimya. Kuna aliyewashauri wenye taa za kuvulia dagaa waunge betri ya lithiamu na ya asidi sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili zidumu usiku kucha. Ni ushauri wa hatari. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 iliyojaa, ikitulia, hukaa karibu na volti 13.3, na ya asidi iliyojaa hukaa karibu na 12.7. Ukiziunga moja kwa moja, yenye volti za juu inaimwagia umeme yenye volti za chini, na kama ya asidi imeisha kabisa, mkondo wa mwanzo unaweza kuyeyusha waya usio na fyuzi. Kiongozi mmoja aliiona meseji baada ya saa kadhaa akaifuta. Nia yake ilikuwa njema. Lakini walioisoma walikuwa wameshaisoma, na waliokuja baadaye waliona tu kwamba kuna meseji imefutwa. Hakuna aliyeambiwa sababu. Wiki ileile niliona nyaya zilizoyeyuka ganda zikitoka mwalo wa Kibirizi, na betri zilikuwa zimeungwa hivyohivyo. Kama chini ya ushauri ule kungeandikwa, "Msifanye hivi, waya utawaka, sababu ni hii," maneno hayo yangewafuata wale waliokuwa wameshausoma. Kufuta hakuwafuati.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba kosa la ufundi lisahihishwe palepale lilipotamkwa, kwa sababu na kwa kipimo, na libaki. Kiongozi akiona ni la hatari, ajibu yeye mwenyewe kwa kulinukuu na kuweka alama nyekundu, halafu sahihisho libandikwe juu ya grupu siku chache. Anayekosea mara kwa mara na kukataa kusahihishwa, huyo ni habari nyingine. Azungumzwe naye faragha kwanza, na asipokubali aondolewe. Kinachomtoa hapo ni ukaidi wake.

Matusi yafutwe bila mjadala. Hapa nawaunga mkono viongozi na nataka wawe wakali zaidi kuliko rasimu yao, kwa sababu rasimu inazungumzia matusi ya nguoni tu. Linalowaumiza wanaoanza ni dharau. Kijana mmoja wa Kalya aliuliza kwa nini inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa matumizi ya nyumbani) inapiga kelele na kuzima ilhali betri ni mpya. Akajibiwa: "Rudi shule." Mwingine: "Hili grupu la mafundi, si la vibarua." Akanyamaza. Nilikutana naye baadaye hapa mjini, amekuja kwa boti kununua betri ya pili kwa fedha za mteja. Nilimuuliza waya alioutumia: 2.5, umbali mita 10. Basi. Mzigo wa ampea 10 kwenye waya wa milimita 2.5 za mraba, mita 10 kwenda na 10 kurudi, unapoteza karibu volti 1.5 njiani. Betri inasoma 12.2, kwenye inveta inafika 10.7, nayo inapiga kelele, na ikishuka kidogo tu inajizima kujilinda. Dawa ilikuwa kuisogeza inveta karibu na betri, na waya mnene. Watu zaidi ya mia tano walilisoma swali lile na wengi wao wanalijua jibu hili kama wanavyojua majina ya watoto wao. Dharau ya wawili ilitosha kuwaziba wote.

Najua wapo wanaosema ufundi unahitaji ukali, kwamba ukilegeza ulimi kazi mbovu zitapita. Kabla ya sola nilisomea kompyuta, na huko niliyakuta mabishano haya haya. Linux, programu endeshi ya kompyuta iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutengenezwa na maelfu ya watu walio mbalimbali duniani wakijadiliana kwa maandishi. Torvalds alijulikana kwa maneno makali, na wengi walimtetea kwamba ndiyo yanayolinda ubora. Septemba 2018 yeye mwenyewe aliomba radhi hadharani kwa namna alivyokuwa akiwashambulia watu, akapumzika kwa muda, na mradi ukapokea kanuni mpya za mwenendo. Mwezi uliofuata alirudi kazini. Linux haikufa. Kazi mbovu inakataliwa mpaka leo, na mtu anaambiwa wazi kwamba kazi yake ni mbovu na kwa nini. Kumdhalilisha yeye ndiko kulikokatazwa.

Kuna jambo rasimu haikuligusa kabisa, nalo linakuja kwa kasi: majibu ya akili unde. Siku hizi mtu anauliza saizi ya waya, na ndani ya dakika anabandikiwa aya sita zilizonyooka, lugha safi, na jedwali. Aliyezibandika hajapima chochote. Stack Overflow, tovuti ambako watengenezaji wa programu wamekuwa wakiulizana maswali tangu 2008, ilipiga marufuku majibu ya namna hii Desemba 2022, siku chache tu baada ya ChatGPT, programu ya akili unde inayojibu maswali, kutolewa. Sababu waliyoitoa ni kwamba mengi yalikuwa na makosa huku yakionekana mazuri, tena yanatengenezwa kirahisi mno kuliko wasahihishaji wanavyoweza kuyapitia. Sisi hatuna hata hao wasahihishaji. Sisemi mtu asijifunze huko. Ila akileta jibu, aseme limetoka wapi, na asilete asichoweza kukitetea. Jibu la yule mzee lilikuwa na mwenyewe. Alipoulizwa alikuwepo, akajibu, akakubali.

Uulizaji nao uwekewe utaratibu. "Wakuu, sola yangu haifanyi kazi, msaada" ni swali lisilojibika. Anayeuliza aandike volti za betri, aina ya betri, saizi na urefu wa waya, wati za paneli, na picha ya kibao cha kontrola. Asiyejua kupima aambiwe namna ya kupima, asifukuzwe. Ujumbe wa sauti wa dakika nne naomba upunguzwe: huwezi kuutafuta mwezi ujao, na mwenye bando dogo haufungui.

Picha pia. Watu wanatuma nyumba ya mteja, jina lake kwenye risiti, namba yake ya simu, hata mahali anapoficha betri. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, betri zinaibwa. Picha iishie kwenye waya.

La mwisho ni gumu kulisema, ila lisiposemwa hapa halitasemwa kule. WhatsApp inampa admini mamlaka ya kufuta meseji ya mtu yeyote, kumtoa mwanachama, na kulifunga grupu wabaki wanaandika maadmini peke yao. Hakuna mwanachama anayeweza kumrudisha nyuma. Baadhi ya viongozi wetu wana maduka ya vifaa. Sioni ubaya wowote, maana ndio waliotukusanya na wanatumia muda wao bure. Lakini fundi akileta picha ya paneli iliyoandikwa wati 300 inayotoa nusu yake saa sita mchana, na paneli hiyo inauzwa na kiongozi, anayeamua meseji ibaki au itoke asiwe yeye. Aamue mwingine asiyeiuza. Na kila kinachofutwa, isipokuwa uchafu ulio dhahiri, kiandikwe mstari mmoja: kimefutwa nini, kwa kanuni gani. Aliyetolewa ajue ametolewa kwa muda gani na anaweza kumlalamikia nani.

Wapo wanaopendekeza tuachane na haya yote, grupu lifungwe, maadmini waandike, sisi tusome. Likifungwa, yule binti wa VETA asingeweza kumsahihisha mzee, na fundi wa Kasulu angeenda kununua kontrola ya volti 50.

Rasimu inarudi kwetu mwisho wa mwezi huu. Nawaomba viongozi wakigawe kile kifungu mara mbili, makosa ya ufundi upande wake na utovu wa adabu upande wake, kisha watuwekee kura kwenye grupu kila kimoja peke yake. Mimi nitapiga ya kwangu, na niko tayari kuwa mmoja wa watakaokaa zamu ya kuandika masahihisho.

Fundi wa sola,
Mwanga, Kigoma