Barua kwa Mwanangu Aliyechekwa Darasani

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo sote nyumbani, na bibi yako anakusalimu sana. Barua yako nimeipata, na nimeona kuwa kilichokuuma si kukosa jibu la swali lako la sayansi bali kicheko cha wenzako, ndiyo maana nakuandikia habari za Erasto Mpemba, mwanafunzi Mtanzania aliyechekwa kama wewe.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kwanza ndipo wayaweke kwenye friji. Siku moja, akihofia kukosa nafasi, aliyaweka ya kwake yakiwa bado ya moto; baadaye akakuta yameganda, ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, bado ni uji. Alipomuuliza mwalimu kwa nini ya moto yametangulia kuganda, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokwenda kusoma Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine alisema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa likapata la kumtania.

Kuuliza si ujinga, lakini Mpemba hakuishia kuuliza. Aliingia maabara ya biolojia, akachukua bika mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akaziweka kwenye friji na kuangalia mwenyewe. Kwa hiyo Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipoitembelea shule na kumuuliza kama kweli amelijaribu jambo hilo, alikuwa na la kujibu. Osborne akakiri kwamba hajui sababu, akaahidi kujaribu.

Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Utacheka, lakini nawe hufuta hesabu mpaka ilingane na jibu la nyuma ya kitabu.

Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao mwaka 1969. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hutangulia kuganda, na kwamba hata kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja kunaweza kubadili matokeo. Mimi sioni kwamba wamemvunjia heshima, kwa maana wamemfanyia alichowafanyia walimu wake.

Basi swali lako liandike upya kwenye daftari: umeona nini, umepima vipi, na ni matokeo gani yatakayokufanya ukubali kuwa umekosea. Kisha mwendee mwalimu baada ya kipindi, umwombe kwa adabu mjaribu pamoja. Likizo ukija, friji ni lako kwa siku nzima, ila tutaanza na maji, kwa sababu maziwa yamepanda bei.

Mama yako akupendaye