Nomino ya Kiingereza ifundishwe pamoja na kihusishi chake

Mhariri,

Ukurasa wenu wa elimu umekuwa ukichapisha masomo mafupi ya sarufi ya Kiingereza, nami ni miongoni mwa wanaoyasoma kwa hamu. Somo la vihusishi, hata hivyo, limeniacha na dukuduku. Vihusishi vilipangwa kwenye jedwali, kila kimoja na maana yake ya Kiswahili pembeni: “of” ni “ya”, “in” ni “katika”, “on” ni “juu ya”, “for” ni “kwa ajili ya”. Jedwali la namna hiyo linamtosha mtu anayetaka kusema kitabu kiko wapi. Anayeandika ripoti, barua ya maombi au insha ya mtihani litampotosha, kwa kuwa katika maandishi ya aina hiyo kihusishi mara nyingi huamuliwa na nomino iliyokitangulia, na maana yake ya jedwalini haina usemi.

Chukueni sentensi hii: “Kuna ongezeko la mahitaji ya maji, na sababu ya jambo hilo ni ukosefu wa mvua.” A-unganifu, yaani kiunganishi cha nomino kama “la”, “ya” na “wa”, imetumika mara nne, ikibadilika kwa ajili ya upatanisho wa ngeli tu, na Kiswahili kimenyooka. Mwanafunzi aliyekariri jedwali ataihamisha hivi: “There is an increase of demand of water, and the reason of this is lack of rain.” Kati ya vihusishi vyake vinne, ni cha mwisho peke yake kilichokaa mahali pake. Mzawa wa lugha hiyo angeandika “an increase in demand for water”, kisha “the reason for this”, na hapo tu ndipo angefika kwenye “lack of rain”. Wanasheria wana “by reason of”, lakini huo ni msemo uliokwisha kuganda, na hauwezi kutumiwa kama ushahidi kwamba “reason of this” ni sahihi.

Mpangilio huu haukukaa ovyo kama wanafunzi wengi wanavyodhani. Nomino zinazokaribiana kwa maana aghalabu huchukua kihusishi kimoja. Zile zinazotaja kupanda, kushuka au kugeuka kwa kitu, kama “rise”, “fall”, “decline” na “reduction”, hufuatwa na “in”. Zinazotaja haja au tamaa, kama “need”, “desire”, “demand” na “thirst”, hufuatwa na “for”. Zinazotaja nguvu inayokielemea kitu au kukizuia, yaani “effect”, “influence”, “pressure”, “ban” na “restriction”, hutaka “on”. Na zinazotaja mwitikio, kama “answer”, “reaction”, “objection” na “resistance”, hutaka “to”. Mwalimu anayezifundisha kwa mafungu haya humpunguzia mwanafunzi mzigo mkubwa wa kukariri. Mafungu hayo, hata hivyo, yana mipaka yake, na ni vizuri mwanafunzi aambiwe mapema. “Solution” huchukua “to”, ilhali “cure” na “remedy”, ambazo nazo huzungumzia kuondoa tatizo, huchukua “for”. Hapo hakuna kanuni ya kumwokoa mtu. Ni kuijua nomino yenyewe.

Sehemu ninayoiona tamu zaidi, na ambayo jedwali haliwezi kuigusa, ni pale nomino moja inapokubali vihusishi viwili na kila kimoja kikaleta maana yake. “Increase of” niliyoikosoa hapo juu si kosa popote pale: huwa sahihi inapofuatwa na kiwango, na ndiyo maana Mwingereza huweza kusema “an increase of 10 percent in the price”, ambapo “of” inataja kiasi na “in” inataja kilichoongezeka. Vivyo hivyo “a change of doctor” ni kumwacha daktari mmoja na kwenda kwa mwingine, lakini “a change in the doctor” ni daktari yule yule ambaye tabia au hali yake imebadilika. Mwandishi wa habari za siasa anayechanganya viwili hivyo anaweza kuiangusha serikali kwa kihusishi kimoja, kwa maana “a change of government” ni serikali moja kutoka na nyingine kuingia. Nayo “cause” hufuatwa na “of” inapotaja kilichosababisha tukio, kama katika “the cause of the fire”, na hufuatwa na “for” inapotaja sababu ya kuwa na hisia fulani, ndipo tunapopata “no cause for alarm”, yaani hakuna haja ya kuingiwa na hofu. Kiswahili hutumia “sababu ya” kwa yote mawili, na msomaji hupambanua kwa muktadha.

Kosa jingine linalojirudia hutokana na nomino zilizozaliwa na vitenzi. Vitenzi “discuss”, “emphasise”, “attack”, “request” na “visit” huchukua yambwa, yaani kinachotendwa, moja kwa moja, bila kihusishi chochote katikati. Nomino zake haziwezi: hutaka “discussion of” au “discussion about”, “emphasis on”, “attack on”, “request for” na “visit to”. Mwanafunzi aliyezoea nomino huichukua tabia yake na kuipandikiza kwenye kitenzi, akaandika “discuss about” na “emphasise on”, makosa ambayo yameenea mno hata katika hotuba za watu wenye shahada. Vivumishi navyo vina mitego yake. Anayejivunia kitu huwa “proud of” kitu hicho, lakini fahari yake ni “pride in”. Na kilicho huru kwa kawaida huwa “independent of”, ilhali uhuru wenyewe ni “independence from”. Ipo faraja kwamba vingine hurithishana bila mgogoro, kama “depend on” na “dependence on”, au “believe in” na “belief in”, ila mtu asiyatumie hayo kujenga kanuni.

Kuhusu “of”, inafaa kueleza kwa nini imekuwa na kazi nyingi kiasi cha kuwashawishi watu kuiweka kila mahali. Kiingereza cha kale kilionyesha uhusiano wa nomino na nomino kwa viambishi tamati. Viambishi hivyo vilipodhoofika, hasa katika karne zilizofuata uvamizi wa Uingereza uliofanywa mwaka 1066 na Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, “of” ilibeba sehemu kubwa ya kazi yake, ikichangiwa kwa kiasi fulani na mfano wa “de” ya Kifaransa. Matokeo yake ni utata ambao sisi wenye a-unganifu tunaufahamu vizuri: “the love of God”, sawa na “upendo wa Mungu”, huweza kuwa Mungu anapenda au Mungu anapendwa. Kiingereza kina njia ya kujinasua ambayo haifundishwi vya kutosha. Mtenda hupelekwa mbele kwa alama ya umilikaji na mtendwa hubaki na “of”, kama katika “the minister's criticism of the newspapers”, au mtenda huletwa nyuma kwa “by”: “the criticism of the minister by the newspapers”. Katika mfano wa kwanza waziri ndiye anayekosoa. Katika wa pili ndiye anayekosolewa.

Virai vihusishi viwili, yaani mafungu ya maneno yanayoanza na kihusishi, vinapofuatana, kile kilichofungamana na nomino kwa maana hukaa karibu nayo, na kinachoongeza maelezo tu husubiri. Husemwa “a student of physics with long hair” na kamwe haisemwi “a student with long hair of physics”. Jambo hili halitusumbui sana, kwa kuwa nasi tunasema “mwanafunzi wa fizikia mwenye nywele ndefu” kwa mpangilio huo huo. Linalotusumbua ni upatanisho wa kitenzi. Tukisema “orodha ya wagombea imechapishwa”, kiambishi “i” kinaturudisha kwenye orodha bila ubishi. Kiingereza hakina ngeli za kutushika mkono hivyo, na nomino ya wingi iliyo karibu na kitenzi humvuta mwandishi hadi akaandika “the list of candidates have been published” badala ya “has”. Kiini cha kirai ni “list”, na chochote kinachofuata baada ya “of” hakina mamlaka juu ya kitenzi. Mwenye kusahihisha magazeti ya Kiingereza atakubali kwamba kosa hili hupenya hata kwa wazawa. Isipokuwa “a number of candidates”, ambayo hubeba maana ya wengi na kuchukua “have”, wakati “the number of candidates” huchukua “has”.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mnapochapisha msamiati mpya katika ukurasa huo, kila nomino itoke na kihusishi chake na sentensi moja kamili, kisha jedwali la maana za vihusishi lihamishiwe kwenye somo la mahali na wakati, linakostahili. Kazi hiyo haihitaji utafiti mpya. Tangu mradi wa COBUILD wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ulioongozwa na John Sinclair, ulipotoa kamusi yake ya kwanza mwaka 1987 kwa kutegemea hazina ya maandishi na mazungumzo halisi iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, kamusi za wanafunzi zimekuwa zikionyesha vihusishi vinavyoandamana na nomino, mara nyingi kwa herufi nzito. Wasomaji waelekezwe tu kufungua kamusi penye “reason” au “demand”, wala wasihangaike penye “for”, ambako watakuta safu ndefu ya maana zisizowasaidia. Na palipo na hiari, kama “attitude to” na “attitude towards”, au “research on” na “research into”, mlitaje hilo wazi, ili walimu wasije wakakata alama kwa jambo ambalo wenye lugha wenyewe hawalikatai.

Wasalaam,
Mwalimu wa lugha na msomaji wenu