Makovu ya nini?

Shoga yangu Mwanaidi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini. Unasema daktari amekuambia mapafu yana makovu, nawe ukatoka bila kuuliza neno. Sikulaumu. Mimi siku yangu nilisahau hata mkoba.

Lakini rudi ukaulize: makovu ya nini? Jina hilo ni furushi. Ndani yake mna maradhi zaidi ya 200. Mengine huletwa na baridi yabisi, mengine na vumbi la kazini, mengine na dawa, kama amiodaroni ya moyo au nitrofurantoini ya mkojo. Na yapo ambayo chanzo chake hakijulikani.

Unakumbuka nilivyotibiwa pumu karibu mwaka mzima? Makohozi yakapimwa kifua kikuu, hamna kitu. Pampu nikavuta mpaka nikachoka, kikohozi kikavu kiko palepale, na ngazi za ghorofa moja zinanishinda. Mpaka daktari mmoja kijana akanisikiliza chini ya mgongo, kimya, muda mrefu, akasema anasikia mlio kama wa mkanda wa kunata wa kiatu unapobanduliwa. Ndipo ikaja picha ya CT, kipimo cha kupuliza, damu, na kutembezwa dakika 6 nimebanwa kifaa kidoleni. Kisha swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unafuga ndege?"

Njiwa wangu, Mwanaidi! Wale niliokuwa nikiwafagilia banda kila asubuhi.

Niliwagawa wiki ileile, na mto wa manyoya ukafuata. Nikapewa prednisoloni, uso ukavimba, kikohozi kikapungua. Makovu yenyewe hayafutiki, tunachopigania ni yasienee.

Ila dawa yangu usiiguse. Kwa ile aina isiyojulikana chanzo, utafiti wa 2012 ulikuta kwamba waliopewa prednisoni, ndugu ya dawa yangu, pamoja na azathioprini na asetilisisteini walikufa wengi kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa. Hao wana nintedanibu na pirfenidoni, zilizoidhinishwa Marekani 2014. Haziponyi, zinapunguza kasi tu. Ya kwanza huharisha, ya pili haipatani na jua.

Kabla hujarudi, andika kila dawa unayomeza, kila kazi uliyowahi kufanya, na chochote nyumbani chenye manyoya au ukungu. Sigara acha (najua unavuta ukijificha). Chanjo za mafua na nimonia ziulizie. Wakitaka kukukata kipande cha pafu, uliza kwanza kama daktari wa mapafu na msoma picha wamekaa pamoja, maana mara nyingi picha na maelezo yako vinatosha.

Na zile kucha zako zilizobinuka, unazosema ni uzee, mwonyeshe.

Nitakupigia Jumapili usiku. Simu iweke karibu, usije ukapanda ngazi kuikimbilia.

Wako,
Saumu