Shukrani kwa ami wa mtumbwi, mkondo wa Takwa

Ami, shikamoo. Jina lako sikukuuliza, na hilo ndilo linaloniuma tangu Jumamosi. Sisi ni wale watatu uliotukuta tumekwama kwenye matope, upande wa kisiwa cha Manda, huku Lamu, mashua imelala ubavu na mikoko imetuzunguka.

Kosa lilikuwa letu. Kwa mashua, kule hakuingiliki ila maji yakijaa, na nahodha alishatuonya tusikawie. Lakini usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mchanga wa magofuni, kwenye ule mji wa kale wa Takwa, ulikuwa laini, hauna unyayo hata mmoja ila wa paa, nasi tukausahau wakati. Msikiti wenye ile nguzo juu ya kibla, visima, kuta za matumbawe! Wenyewe waliuhama mji karne ya 17, wakavuka kwenda Shela, kisiwa cha Lamu, na hadi leo watu wa Shela huenda kuomba mvua kwenye lile kaburi la nguzo. Tulipokumbuka maji, yamekwisha kupwa.

Hukutugombeza. Ulishuka matope yakakufika mapajani, ukachomeka upondo chini ya mkuku, ukasema, "Tikiseni, msivute." Tukatikisa. Kisha ukakizamia mkono kiatu cha mpwa wangu, ukakisuza, ukamvisha. Pesa ulikataa, ulichukua tende tatu tu.

Mama anakusalimu sana. Lile kopo lako la kukumbia maji tumeondoka nalo bila kujua (utusamehe). Nimeliacha kwa muuza kahawa, karibu na gati ya Shela.