Saa yako nzuri unampa nani?

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mlioambiwa mwaka huu kwamba mna ugonjwa wa Parkinson. Mimi huu ni mwaka wangu wa 11 nayo. Sikuja kuwapa pole, najua mmeshapewa za kutosha. Wala sitawaambia kwamba kila jambo lina sababu yake. Maneno hayo yalinichosha tangu wiki ya kwanza.

Ugonjwa huu haurudi nyuma. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, hufa kidogo kidogo, na mkono unapoanza kutetemeka nyingi zimeshakufa. Daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza mwaka 1817, na mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya. Ipo levodopa, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, na ndiyo inayowainua wengi wetu kitini. Lakini kadiri miaka inavyokwenda nayo huwa na saa zake: hupanda, hukaa, hushuka. Kwa siku moja mtapata saa ambazo mwili unawatii, na saa ambazo kitufe cha shati kinawagomea.

Nina neno nanyi kuhusu hizo saa nzuri.

Miaka minne mizima nilizitumia kuficha. Dawa ikishika tu, huyo natoka, nikaonekane natembea. Nilihudhuria vikao visivyonihusu ili watu wasiseme mzee kaisha. Nikirudi nyumbani dawa imeshashuka, sauti haitoki, uso umekakamaa kama niliyenuna. (Hilo la uso waambieni watu wenu mapema, wasije wakadhani mmewakasirikia.) Watu baki walimpata mtu mzima; mke wangu alipata ganda.

Siku moja mjukuu wangu akaleta daftari nimwandikie mfano wa herufi. Nilikuwa mwalimu, na mwandiko nilijivunia. Mstari ulianza vizuri, kufika katikati herufi zimesinyaa mpaka zikawa kama mayai ya chawa. Akauliza, "Babu, mbona unanong'ona kwenye karatasi?"

Nilicheka sana. Usiku sikulala. Asubuhi ile dawa ilikuwa imekaa vizuri ajabu, nami niliimalizia kwenye kikao cha watu ambao hata majina yao siyajui.

Basi nikageuza utaratibu. Saa nzuri ya kwanza ya siku ni ya mjukuu, na tunaandika. Ananipigia mistari miwili iliyoachana, nami najitahidi herufi ziguse wa juu na wa chini. Ugonjwa huu una vituko vyake: mwili uliosahau hukumbuka ukiwekewa alama ya kufuata. Ndiyo maana miguu ikinigandia mlangoni, nauvuka utepe tuliobandika sakafuni, inatoka. Saa ya pili ni ya mazoezi, na hiyo haina mjadala. Zinazobaki, nikizipata, ni za mke wangu na hadithi zetu zisizo na mwisho.

Najua baadhi yenu bado mna ajira na watoto wa kulea, na hamwezi kupanga siku kama mstaafu. Sawa. Hata nusu saa inatosha, ila mjue mnampa nani kabla mwingine hajaichukua.

Na kwa saa mbaya, tafadhali, msitafute maana yoyote. Juzi nimepambana na kitufe kimoja dakika saba. Hapakuwa na funzo pale, kilikuwa kitufe tu. Mwite mtu akufungie. Mimi neno hilo, "nifungie", lilinichukua miaka kulitamka, na mpaka leo naliona chungu kidogo.

Barua hii imekula saa nzuri tatu za siku tatu, na mjukuu amelalamika kwamba namwibia zamu yake. Niwaache. Ameshachonga penseli, yuko mlangoni.

Babu yenu