Tuta la mto si leveli ya gemu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza kwamba, kwa kuwa tuta la kuzuia mafuriko limeshakamilika, bonde lililo nyuma yake lifutwe kwenye orodha ya maeneo hatarishi na lipimwe viwanja. Kwa maneno yake, bonde limepanda leveli. Nilicheka, maana na mimi ni mchezaji wa gemu za mtandaoni, tena wa kukesha. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu wapo wanaoidhinisha michoro ya mipango miji wenye fikra hizohizo.

Katika gemu nyingi, ukishakusanya pointi ukafika leveli ya 20, hutarudishwa tena 19. Ufe utakavyokufa, uache kucheza hata mwaka mzima, ukirudi utaikuta leveli yako palepale ulipoiacha. (Wakongwe watanikumbusha EverQuest ya mwaka 1999, ambako ukifa ulipokonywa pointi na uliweza hata kushushwa leveli. Gemu nyingi zilizofuata ziliachana na adhabu kali namna hiyo.)

Tuta halitunziwi leveli na mtu. Udongo wake hushindiliwa na uzito wake wenyewe ukashuka. Panya na mizizi ya miti hulitoboa. Mchanga hujaa mtoni, maji yakapanda juu zaidi kwa mvua ileile. Huko juu ya mto nako, mashamba na misitu hugeuka mabati na lami, maji yaliyokuwa yakinywewa na ardhi yakateremka yote kwa pamoja. Tuta lililosanifiwa kwa mafuriko ya miaka 100 linaweza kujikuta linamudu ya miaka 50 tu, bila mtu kulibomoa hata tofali.

Na hii miaka 100 nayo inawapoteza wengi. Wanadhani mafuriko yakishapita, wamepewa likizo ya karne nzima. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa maji kufika kiwango hicho au kukizidi, na mwaka unaofuata hesabu inaanza upya. Anayechukua mkopo wa nyumba wa miaka 30 anabeba uwezekano wa asilimia 26 hivi wa kuyaona akiwa bado analipa. Akikaa miaka 50, unakaribia asilimia 40. Ningependa kumwona dalali anayemweleza mteja hivyo.

Kuna gemu ambazo kadiri unavyopanda, maadui nao hupandishwa. Huo ndio mfano ambao mwandishi wa barua ile alipaswa kuuchukua. Mwanajiografia wa Marekani, Gilbert White, alikwisha kuonya tangu miaka ya 1940 kwamba kutegemea kuta na mabwawa peke yake hakumalizi hasara za mafuriko. Tuta likijengwa, watu huona usalama, bei ya ardhi hupanda, panajengwa nyumba mahali palipokuwa na malisho. Mafuriko madogo yanazuiwa kweli. Siku yakija makubwa ya kulizidi tuta, hayakuti tena nyasi.

Tazama mji wa Houston, Marekani. Mabwawa ya Addicks na Barker yalijengwa miaka ya 1940 kuulinda mji huo, nayo kwa kawaida huwa makavu, yakisubiri mvua kubwa. Serikali haikununua ardhi yote ambayo maji yangeweza kuifunika yakijaa, na sehemu iliyobaki ikakatwa viwanja. Katika kaunti ya Fort Bend, kwenye baadhi ya ramani za viwanja hivyo paliandikwa kwamba eneo linaweza kufunikwa na maji yanayozuiliwa bwawani. Maandishi madogo, kwenye karatasi ambayo mnunuzi wa nyumba haioni. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilipopiga, maji yalijaa yakaingia majumbani. Wengi walikuwa wakisikia kwa mara ya kwanza kwamba wanaishi ndani ya bwawa.

Wajerumani nao, pamoja na umakini wao wote, waliteleza. Bonde la mto Ahr lilipata mafuriko makubwa mwaka 1804 na tena 1910, lakini ramani za hatari zilichorwa kwa vipimo vilivyoanza mwaka 1947. Julai 2021 zaidi ya watu 130 walikufa katika bonde hilo. Kumbukumbu zilikuwapo, ila hazikuingizwa kwenye hesabu.

Sisemi matuta yasijengwe. Uholanzi isingekuwapo kama ilivyo bila matuta. Lakini hata wao, baada ya watu wapatao 250,000 kuhamishwa mwaka 1995 mito ilipofurika, walianza kuirudishia mito nafasi. Pale Nijmegen walilihamisha tuta mita 350 kwenda nchi kavu, wakavunja nyumba zilizokuwa njiani na kuchimba mkondo wa pili. Kwa kipimo cha ndugu yetu, hapo walijishusha leveli wenyewe.

Kwa hiyo, kabla bonde halijapimwa, mchoro uonyeshe maji yatafika kimo gani katika kila kiwanja tuta likipasuka, kwa mita, na takwimu hiyo iandikwe kwenye hati ya umiliki kwa herufi kubwa kama zile za jina la mmiliki. Shule, zahanati na kituo cha umeme visiwekwe humo kabisa. Na anayetaka viwanja hivyo viuzwe aseme mapema ni fungu gani la bajeti litakalolipia ukarabati wa tuta kila mwaka, hadi lini, na nani atawajibishwa fungu hilo likihamishiwa kwingine.

Wako,
Msomaji na mchezaji