Barua kwa mwanangu anayechora viboksi

Mwanangu, hujambo mama. Hapa Keko tuko salama, mvua imeanza kwa hiyo mbao nimezifunika turubai, maranda yamelowa yananata kwenye kandambili.

Juzi usiku ulivyoniambia siku nzima umechora viboksi kwenye picha za kompyuta ili mashine ijifunze kujua kipi ni kipi, kiboksi kwenye gari, kiboksi kwenye pikipiki, kiboksi kwa mtu anavuka barabara, picha za miji ambayo hujawahi kufika, unalipwa kwa idadi na ukikosea kidogo wanaikataa kazi, hela huioni, na hujui hata nani anazitumia hizo picha, mimi nikakujibu "vumilia" halafu usingizi ukanikataa. Lile halikuwa jibu.

Ulikuwa darasa la pili hivi, akaja tajiri mmoja hapa karakana ana oda kubwa ya viti, akatugawa. Huyu miguu, huyu migongo, huyu msasa na vanishi. Mimi nikapewa miguu. Hela ilikuwa inaingia kila Jumamosi, sikatai, na mkono ukawa mwepesi mpaka nachonga huku naongea na watu. Mwaka na kitu. Oda ikaisha, tajiri akaondoka, ndo akaja mama mmoja wa Mtoni anataka kabati la mninga la harusi ya binti yake, nikasimama mbele ya zile mbao sijui nianzie wapi. Mlango wa kwanza ukakataa kufunga, nikaupiga randa tena na tena, wa pili ukapwaya. Mimi, niliyefundishwa na babu yako kugonga ubao kwa kidole nikajua umekauka au bado! Nililia siku ile, sijawahi kukwambia.

Hicho ndo kinaniuma kwenye kazi yako. Kompyuta yenyewe naipenda, wateja wangu nusu wananipata WhatsApp siku hizi. Malipo nayo yanauma, wenzenu wa Nairobi waliokuwa wanachambua maneno machafu ili hizi programu zinazoongea zisiyatamke, mwaka 2023 iliandikwa wanapata chini ya dola 2 kwa saa, na mwaka huohuo tarehe 1 Mei wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi kama hizo wakakutana hukohuko wakakubaliana kuunda chama chao. Wamefanya vizuri sana, na nyie mkipata nafasi jiungeni. Ila hata wakulipe mara tatu, mwanangu, bado utakuwa unachonga miguu.

Sasa kumbuka ile programu ya kikoba cha mama yako uliyotengeneza likizo. Ulikaa nao chini ya mwembe, ukamwangalia mweka hazina anavyosoma daftari lake, bibi mmoja akasema herufi hazioni ukazikuza palepale. Wanaitumia mpaka leo, wiki iliyopita imeonyesha hisa za mtu zilizorukwa kwenye daftari tangu mwezi wa tatu, ugomvi ukaisha. Ile umetengeneza wewe yote, ikiharibika wanakujua, ikifaa wanakujua.

Sikwambii uache viboksi kesho, kodi ipo. Ila asubuhi kabla hujachoka, hata lisaa limoja, kaa na kitu chako kizima. Kuna kikundi cha kinamama hapa Temeke nao wanaitaka hiyo programu na wako tayari kulipa, nimewaambia utakuja Jumamosi uwasikilize. Stuli yako ya kukalia nimeshaitengeneza, ya mninga, bado vanishi tu.

Baba yako